Jordan alikuwa na mlango wa kurudia, vijana wetu je?

Jumamosi moja nilikuwa Mutukula, upande wetu wa Uganda, nikisubiri gari la Masaka lijaze abiria. Dereva hakuwa na haraka, nami sikuwa na la kufanya, nikasogea kwa mama mmoja muuza mitumba ambaye tunafahamiana tangu enzi zile nafundisha. Alikuwa amefungua belo asubuhi hiyo. Katikati ya suruali na mashati akachomoa jezi yenye neno Barons kifuani, na mgongoni jina la Jordan na namba 45.

"Mwalimu, wewe ndiye msomaji," akaniambia. "Vijana wanasema hii ni feki. Wanasema Jordan ni 23, hii 45 ni ya kuibia watu."

Nikamwambia namba hiyo ni ya kweli. Ndiyo aliyoivaa Michael Jordan mwaka 1994, alipoacha mpira wa kikapu akaenda kucheza besiboli katika ligi ndogo. Vijana waliokuwa wakichagua nguo wakacheka. Mmoja akauliza, "Huko alishinda nini?" Nikajibu ukweli kwamba hakushinda kitu. Basi jezi ikarudishwa chini ya rundo.

Vijana walipoondoka, yule mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na aliporudi, wale waliomcheka walisemaje?" Ndipo nikajua haulizi habari za jezi. Mwanawe yuko Ghuba mwaka wa pili sasa. Kazi aliyoahidiwa siyo aliyoikuta. Anataka kurudi, lakini kila akipiga simu anauliza watu wa mtaani watasema nini.

Gari likapiga honi, nikaondoka bila kumjibu vizuri. Ndugu msomaji, makala haya ndiyo jibu langu. Nawaandikia pia nyinyi nyote mliowahi kuvuka mpaka huu mkiwa na mtaji, mkarudi na begi tupu.

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Katika besiboli mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu, na mpigaji wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvipitia vituo vinne. Timu inayolinda ina watu tisa uwanjani. Watatu kati yao husimama mbali kabisa nyuma ya wenzao, kwenye majani. Kazi yao ni kuukimbilia mpira uliopigwa mbali, kuudaka, na kuurudisha kwa nguvu kabla mpinzani hajafika kituoni. Jordan alicheza huko nyuma, upande wa kulia.

Nafasi hiyo inaonekana rahisi, kwa sababu mchezaji anaweza kusimama muda mrefu mpira usije upande wake. Lakini ni nafasi ya hatari kwa ajira. Wenye mbio na mikono ya kudaka ni wengi, kwa hiyo klabu humpima mtu wa nyuma zaidi kwa gongo lake. Asipopiga, yupo mwingine anayesubiri.

Ligi kuu ya Marekani ina klabu 30, na kila klabu ina timu zake za chini za kukuzia wachezaji. Kijana huanza ngazi ya chini kabisa, akipanda hatua kwa hatua. Wengi hukwama katikati. Siku moja huitwa ofisini, akaambiwa klabu haimhitaji tena, na jioni yake anafunga mizigo.

Jordan aliingia ngazi hizo katikati, kwenye timu ya Birmingham Barons katika jimbo la Alabama, ngazi mbili chini ya ligi kuu. Alikuwa na umri wa miaka 31. Baba yake, James Jordan, aliuawa Julai 1993, na Oktoba mwaka huo Michael akatangaza kustaafu kikapu akiwa ametwaa ubingwa mara tatu mfululizo na Chicago Bulls. Baba yake alikuwa akipenda kumwona akicheza besiboli. Mchezo wenyewe Michael alikuwa ameuacha tangu shule ya sekondari, zaidi ya miaka kumi nyuma.

Kelele za kumcheka zilianza kabla msimu haujafunguliwa. Jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada lake Machi 1994 likimtaka aachane na mchezo huo, likidai anauaibisha. Yeye akaendelea. Mwanzoni mambo yalimwendea vizuri, hata akapata mapigo katika mechi 13 mfululizo. Kisha warushaji wakamjua. Wakaona mipira ya kasi anaiweza, wakaanza kumrushia mipira ya kupinda, na hiyo hakuiweza.

Wafanyabiashara mnalielewa hilo. Mgeni akiingia sokoni, wiki za kwanza mambo huenda. Baadaye wenye soko wanamjua, wanajua mtaji wake unaishia wapi, na hapo ndipo shule halisi inapoanza.

Mwisho wa msimu hesabu ilikuwa hivi. Alicheza mechi 127. Katika nafasi 436 zinazohesabiwa, alipiga vizuri mara 88 tu, yaani kama mara 2 katika kila 10. Mpigaji hodari hufikisha mara 3 katika 10. Mara 114 alitolewa kwa kushindwa kuupiga. Akiwa mlinzi alifanya makosa 11. Mipira aliyoipiga ikavuka uzio ilikuwa mitatu, na wa kwanza aliupata Julai 30, siku moja kabla ya tarehe ya kuzaliwa ya marehemu baba yake.

Hizo ndizo namba wanazozitaja wanaocheka. Ziko na nyingine. Aliiba vituo 30 kwa mbio zake. Timu yake ilipata alama 51 kwa gongo lake. Msimu ulipokwisha hakupumzika, alikwenda kwenye ligi ya vuli huko Arizona akacheza dhidi ya vijana bora waliokuwa wakiandaliwa kwa ligi kuu, na huko akafikisha kiwango cha mara moja katika kila nne. Yaani alikuwa anapanda. Terry Francona, kocha wake wa Birmingham, amesema mara kadhaa kwamba Jordan angepewa muda zaidi angeweza kufika ligi kuu.

Muda huo haukupatikana. Agosti 1994 wachezaji wa ligi kuu waligoma, na mgomo ukaendelea hadi mwaka uliofuata. Wenye klabu wakatafuta wachezaji wa kuziba mapengo, Jordan akakataa kutumiwa kuvunja mgomo wa wenzake. Machi 1995 akaondoka besiboli. Siku chache baadaye akatangaza kwa maneno machache kuwa amerudi kwenye kikapu. Ubingwa mwingine wa mara tatu mfululizo ulifuata, 1996, 1997 na 1998.

Sasa, waandishi wengi wakifika hapa humaliza kwa kusema: usikate tamaa, jaribu, Jordan naye alijaribu. Mimi sikubaliani nao, na hapa ndipo penye hoja yangu. Jordan hakuokolewa na ujasiri peke yake. Aliokolewa na mlango wa kurudia.

Tuangalie mlango wenyewe. Mwenye timu ya Bulls, Jerry Reinsdorf, ndiye pia aliyekuwa mwenye Chicago White Sox, klabu iliyoimiliki nafasi ya Jordan pale Birmingham. Mshahara wa ligi ndogo ulikuwa dola 850 kwa mwezi, lakini inaelezwa kuwa Reinsdorf aliendelea kumlipa mshahara wake wa kikapu. Timu ikapata basi la kifahari la kusafiria. Siku alipotaka kurudi, kiti chake kilikuwa kinamsubiri. Mtu wa namna hiyo akijaribu akakosa, amepoteza mwaka. Hajapoteza maisha.

Mtazame basi kijana aliyekaa kiti cha nyuma cha basi hilohilo. Naye ni mlinzi wa nyuma, naye ana gongo, naye anapata dola zake chache. Hana Bulls ya kurudia. Akiachwa katikati ya msimu, anarudi mji aliotoka akiwa hana ufundi mwingine, na watu wanamuuliza kwa nini hatujakuona kwenye televisheni.

Kwa miaka mingi vijana hao waliishi kwa tabu ndani ya nchi tajiri. Hawakulipwa mshahara katika wiki za mazoezi kabla ya msimu, wala baada ya msimu. Machi 2018 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaondolea malipo ya saa za ziada na kuwaachia kima cha chini kwa saa 40 tu za wiki, tena ndani ya msimu tu. Mwaka 2014 wachezaji wa zamani walikuwa wameshafungua kesi ya mishahara, na ilichukua hadi 2022 kupatikana suluhu ya dola milioni 185 kwa ajili ya maelfu yao. Katikati ya hayo, msimu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya korona, na mwaka 2021 timu za ligi ndogo zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120. Timu 40 zilikatwa kwa mara moja, na ajira za vijana zikaenda nazo.

Mabadiliko yalikuja walipojiunga na chama cha wachezaji mwaka 2022. Mkataba wa 2023 ulipandisha kima cha chini cha ngazi ile aliyochezea Jordan kutoka dola 13,800 kwa mwaka hadi 30,250, na ngazi ya chini kabisa kutoka 4,800 hadi 19,800. Hilo ni jambo la kupongezwa. Umoja ni nguvu, na wenzetu wa vyama vya wafanyabiashara mpakani wanalijua.

Lakini mkataba huo haukuwagusa wanaocheza kwenye ligi ya majira ya joto ya Jamhuri ya Dominika. Nawaomba msome sentensi hiyo mara ya pili, maana huko Dominika ndiko klabu za Marekani huwapeleka kwanza vijana wengi wanaowachukua kutoka nchi za nje. Na sasa vijana wetu wa Uganda wamo.

Wapo wanaodhani besiboli ni mambo ya Wazungu tu. La hasha. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania, ikanyimwa viza kwa sababu ya dosari katika nyaraka za umri na kuzaliwa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo, na wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ilisaini vijana kutoka Uganda, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakafuata. Klabu huruhusiwa kusaini kijana wa nje kuanzia umri wa miaka 16. Kwa hiyo tunazungumzia watoto wa shule, na wazazi wao ni watu kama sisi.

Najua nitaambiwa, mbona Mwafrika alifika? Kweli, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alifika. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi kwenye klabu ya besiboli huko Randburg, na kijana alikulia hapohapo klabuni. Pirates walimsaini mwaka 2008. Aprili 26, 2017 akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipiga vizuri. Ni habari ya kututoa machozi ya furaha. Lakini hesabuni miaka iliyo kati ya 2008 na 2017. Ni karibu miaka tisa ya ligi ndogo. Na alipofika, mechi zake za ligi kuu kwa jumla hazikutimia 50. Huyo ndiye aliyefanikiwa. Je, waliosainiwa pamoja naye wakaachwa mwaka wa tatu?

Siandiki haya kuwazuia vijana wasiende. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda. Mwaka 1998 niliacha chaki nikaenda Mwanza kujaribu biashara ya dagaa. Miezi ya mwanzo nilipata faida, nikajiona tajiri. Kisha masika yakanikuta njiani na lori lenye turubai bovu, magunia yakalowa, dagaa wakaoza kabla sijafika Bukoba. Mtaji wa pili ulikuwa wa mkopo, nao ukaliwa na bei iliyoporomoka. Baada ya miezi 14 nilirudi nimepanda juu ya mzigo wa mtu mwingine.

Pale stendi walinicheka. Waliniita "Bwana Dagaa" kwa miaka miwili. Kilichoniponya hakikuwa ujasiri wangu, maana ulikuwa umekwisha. Mwalimu mkuu wangu wa zamani alinipa vipindi vya muda, kwa malipo madogo, hadi nafasi ilipopatikana. Kaka yangu hakuwa ameuza kile chumba changu. Basi. Watu wawili walikuwa wameacha mlango wazi, nikaingia. Na mpaka leo, hesabu za faida na hasara ninazofundisha watoto nazitoa kwenye yale magunia yaliyooza, wala si kitabuni.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kumsindikiza kijana kwenye uwanja wa ndege, awe anakwenda kucheza besiboli, kulinda mageti Ghuba, au kuuza vitenge ng'ambo ya mpaka, familia ikae chini na imalize mambo manne.

Kwanza, karatasi ziwe za kweli. Umri uwe wa kweli, jina liwe moja kwenye kila hati, na mkataba usomwe na mtu anayeelewa lugha yake kabla ya kusainiwa. Wafanyabiashara wa mpakani hatuhitaji kufundishwa hili. Tumeona gari zima likilala kituoni kwa sababu ya herufi moja kwenye fomu. Wale watoto wa 2011 walishinda uwanjani, wakashindwa kwenye makaratasi.

Pili, pawepo muda uliokubaliwa. Miaka mitatu, minne, kadiri mnavyoona. Ukifika, mnapima bila kelele. Kijana aliyewekewa muda huomba kurudi bila aibu. Asiyewekewa muda huongeza mwaka, akaongeza mwingine, hadi ujana unakwisha akiwa bado anaogopa stendi ya kwao.

Tatu, msiuze shamba lote kwa safari ya mtu mmoja, na fedha za kwanza atakazotuma zisiishie kwenye sherehe na mabati ya majirani kuona. Sehemu yake iwekwe kwa jina lake. Hiyo ndiyo Bulls yake. Na kama ni mtoto wa miaka 16, masomo yaendelee kwa namna yoyote inayowezekana, maana goti likiumia leo, gongo halitamlisha kesho.

Nne, na hili ni letu sisi tunaobaki, tujifunze kupokea. Anaposhuka garini na begi moja, swali la kwanza lisiwe "umetuletea nini". Wahenga hawakukosea waliposema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kila anayekwenda atarudi, mwenye mali na asiye nayo. Tofauti ni kama atakuta kiti au atakuta kicheko.

Wapo watakaosema kwamba kumwandalia kijana mlango wa kurudia ni kumfundisha uvivu, kwamba akijua kuna chumba nyumbani hatapigana. Hebu tuwaulize, Jordan alikuwa mvivu? Alikuwa na mlango mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote kwenye ligi ile, na bado alifika uwanjani mapema kujifunza kuupiga mpira wa kupinda. Mtu mwenye pa kurudia hujaribu bila hofu. Asiye na pa kurudia ndiye anayekubali mkataba wowote, mshahara wowote, na matusi yoyote, kwa sababu hana namna.

Kwa yule mama wa Mutukula, jibu la swali lako ni hili. Jordan aliporudi, wale waliomcheka walinyamaza, kwa kuwa alikuwa na mahali pa kufanyia kazi tena. Mwanao naye umwambie chumba chake kipo na meza ya pili pale kibandani ipo. Mwambie arudi. Mtaani watasema wiki mbili, mwezi ukizidi, kisha watapata habari nyingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na ile jezi usiiuze kwa bei ya kutupa. Namba 45 si feki. Niwekee, nitaipitia safari ijayo.